Kota ya Kambini, Nyumba ya Kupanga au Kubaki Nyumbani Kwanza? Ulinganisho kwa Mzanzibari Anayehamia Kambi ya Marekani Nchini Ujerumani

Wapo vijana wa Unguja na Pemba walioingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, wakapata kadi ya ukaazi wa kudumu, kisha wakajiunga na jeshi la huko, kwa kuwa sheria ya Marekani inamruhusu mwenye kadi hiyo kuandikishwa hata kabla hajawa raia. Kijana wa namna hii hurudi nyumbani kuoa, harusi hupita, makaratasi hushughulikiwa, na barua ya uhamisho inapofika husema Ujerumani, wala si Texas. Mke aliyejitayarisha kwa Marekani hujikuta anaelekea Ramstein, katika jimbo la Rhineland-Palatinate, ambako kandokando ya mji wa Kaiserslautern wanaishi makumi ya maelfu ya wanajeshi wa Kimarekani na watu wao.

Makala haya ni kwa ajili ya mke huyo, na kwa mume pia, maana wapo dada zetu waliovaa sare na kuwaacha waume zao wakihangaikia viza. Swali linalowakwamisha wengi ni la makaazi, na njia zilizopo ni tatu: kuingia kota ndani ya ua wa kambi, kupanga nyumba ya Mjerumani mjini au kijijini, au mwanajeshi kutangulia peke yake huku familia ikibaki Zanzibar kwa muda. Nimeishi kota kwa mwaka mmoja na nusu, kisha nikapanga kijijini, na kabla ya hapo nilibaki Unguja miezi saba nikisubiri, kwa hiyo kila njia ninayoilinganisha hapa nimeionja, japo kwa kipimo tofauti.

Jambo la kulielewa mapema ni kuwa Mzanzibari katika kambi hizi ni mgeni mara mbili. Ni mgeni kwa Wamarekani wanaoendesha kambi, na ni mgeni kwa Wajerumani wanaoizunguka. Kota hukuingiza katika ugeni wa kwanza na kukukinga na wa pili. Nyumba ya kupanga hukutia katika yote miwili kwa mpigo. Kubaki nyumbani huiahirisha tu. Wala sisi si wa mwanzo. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaishi Hamburg na mumewe Mjerumani, na mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto wadogo watatu katika nchi ambayo lugha yake ndiyo kwanza alikuwa akiizoea. Nimemtaja kwa sababu kigezo nilichokipa uzito mkubwa kuliko vyote hapa chini ni kile kile kilichomkabili yeye: siku mwenza hayupo, utamgongea nani mlango?

Vigezo ni vitano: nyumba na gharama zake, jiko na ibada, majirani na lugha, watoto, na siku ambazo mwenza yuko mbali kikazi. Lakini vyote vina sharti moja linalotangulia, nalo ni kibali cha kamanda kinachomtambua mke au mume kuwa amefuatana rasmi na mwanajeshi. Aliyekuja bila kibali hicho hulipiwa tiketi na mfuko wake mwenyewe, hana haki ya kota, na mpango kamili wa bima ya afya ya jeshi, Tricare, haumhusu. Usikate tiketi kwa sababu ya hamu.

Nyumba na gharama

Katika kota hulipi kodi, umeme wala maji; badala yake posho ya nyumba haiingii kabisa kwenye mshahara. Friji na jiko vipo, na bomba likivuja unapiga simu akaja fundi. Ukutani mna soketi za volti 110 za Kimarekani pamoja na zile za volti 220 za Ulaya, na wapo waliochoma pasi kwa kuchomeka bila kusoma. Ukubwa wa nyumba hufuata cheo na idadi ya watoto, haufuati unachokitamani, na zipo nyakati ambapo hiari haipo: vyumba vikiwa vitupu, ofisi ya nyumba yaweza kukupangia kota ukitaka usitake, na vikijaa utasubiri katika orodha.

Nyumba ya kupanga hulipiwa na posho ya ng'ambo, ambayo hufidia kodi halisi mpaka kiwango cha juu kilichowekwa kwa cheo chako, ikiongezwa sehemu ya umeme, maji na joto. Ukipanga nyumba ya bei chini ya kiwango, tofauti hairudi mfukoni mwako, basi hakuna faida ya kujibana. Kinachowashtua watu wetu ni kuikuta nyumba haina kitu: hakuna makabati ya jikoni, hakuna sinki, pengine hata taa zimeng'olewa na nyaya zinaning'inia. Huo ndio utaratibu wa kawaida wa kupanga Ujerumani, wala hujaibiwa. Ofisi ya nyumba ya jeshi huazimisha friji, jiko na makabati ya nguo. Dhamana anayotaka mwenye nyumba kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu, na mkataba lazima uwe na kifungu kinachokuruhusu kuuvunja endapo amri ya uhamisho itafika.

Halafu kuna joto. Unalilipia kwa makadirio kila mwezi, na mwisho wa mwaka hesabu hupigwa upya, ukatakiwa uongeze au ukarejeshewa. Majira yangu ya baridi ya kwanza kijijini niliyafunga madirisha yote kama anayezuia mwizi, nikawa napika wali wa nazi kila siku na kuanika nguo sebuleni. Kufikia Januari ukuta wa nyuma ya kabati ulikuwa umeota ukungu mweusi wenye harufu ya jamvi lililolowa. Mwenye nyumba, mzee mpole wa makamo ya babu yangu, hakugomba. Alitoa mfukoni kijisaa cha kupimia unyevu, akakiweka juu ya kabati, kikasoma 78. Kisha akayafungua madirisha yote wazi kwa dakika tano, mimi nimejifunika leso mbili natetemeka, akayafunga. "Asubuhi, mchana, usiku," aliniambia kwa Kiingereza cha kuungaunga, akainua vidole vitatu. Kwetu dirisha hufunguliwa kwa sababu ya joto. Kule hufunguliwa hata katika baridi kali ili mvuke utoke, na asiyejua hili hulipia ukuta.

Anayebaki Unguja au Pemba hana kodi ya kulipa Ujerumani, lakini mshahara mmoja unalisha majiko mawili. Azingatie pia kuwa zamu ya kawaida Ujerumani ni miezi 36 kwa aliyefuatana na familia na 24 kwa aliyekuja peke yake. Uamuzi huo huandikwa mwanzoni, na kuubadili katikati si jambo la barua moja.

Jiko na ibada

Hapa tofauti baina ya kota na kupanga ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kitambulisho ni kile kile na duka la vyakula la kambi humuuzia kila mwenye nacho, kwa dola, bila kodi ya Kijerumani. Wa kota huenda kwa miguu, wa kijijini kwa gari. Mchele haukosekani. Nazi ni ya kopo. Nyama ya halali ndiyo inayokutoa nje ya geti, na hapo aliyepanga mjini ana nafasi bora zaidi: Waturuki wameishi Ujerumani kwa wingi tangu mkataba wa wafanyakazi wa mwaka 1961, bucha zao zipo Kaiserslautern, na hukosi maduka ya Waafrika yenye unga wa muhogo na ndizi mbichi. Samaki ni habari nyingine, na aliyezoea kuchagua changu soko la Malindi, Unguja, asubuhi asitegemee makubwa. Ama ng'onda na papa mkavu, ngazi ya pamoja ni ngazi ya pamoja, iwe ya Mmarekani au ya Mjerumani. Kaanga dirisha likiwa wazi na uwe tayari kumwomba radhi jirani.

Kambi kubwa huwa na nyumba ya ibada inayotumiwa kwa zamu na dini mbalimbali, na Waislamu wachache hukutana humo. Mawaidha ni kwa Kiingereza na kila mtu utamjua kwa jina baada ya Ijumaa mbili. Misikiti ya mjini mingi ni ya Waturuki, imejaa na ina harufu ya chai, lakini khutba kwa sehemu kubwa ni ya Kituruki. Waturuki hufuata kalenda iliyokwisha kupigwa hesabu, kwa hiyo usishangae kusali nao Idi siku ambayo Wete bado wanautafuta mwezi. Kwetu kibla na kaskazini ni neno moja. Kule utaelekea kusini-mashariki, na mwili huchukua wiki kadhaa kulikubali hilo. Saumu ya Unguja haipishani sana na saa 13 mwaka mzima, ilhali ya Ujerumani mwezi Juni huzidi saa 18 na Disemba hushuka hadi kama saa 10. Kwa miaka hii michache Ramadhani inaangukia baridi, basi anayehamia sasa ameletewa nafuu.

Anayebaki nyumbani hana la kubadilisha katika kifungu hiki, isipokuwa kufuturu bila mwenza.

Majirani, lugha na sauti za siku

Jioni, bendera inaposhushwa, baragumu hulia katika vipaza sauti vya kambi. Magari husimama barabarani, watoto hushuka baiskeli, mama mwenye mifuko ya sokoni huiweka chini na kuielekea bendera, na baada ya wimbo wa taifa maisha huendelea pale yalipokatikia. Aliyekulia laini za polisi Ziwani ataizoea sauti hii upesi. Wengine huiona kuwa kizuizi cha kila siku, sawa na geti ambalo kila kuingia ni kitambulisho, na anayevaa ninja ajue kuwa ataombwa aufunue uso. Wageni wako, hata akiwa mama mzazi aliyepata viza ya Schengen, hawaingii mpaka uwaandikishe. Kwa upande wa pili, majirani wa Kimarekani ni wepesi: siku ya tatu mtu amegonga mlango na sahani ya biskuti, wiki ya pili anakuchukua kwenye gari lake. Wepesi huo huo ndio wanaoondokea. Baada ya miaka miwili, nusu ya waliokukaribisha wamehamishwa.

Jirani Mjerumani hagongi mlango. Yeye husubiri kuona kama unajua kuishi na watu, na dalili anazoziangalia ni tatu au nne tu. Usipige kelele kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, wala Jumapili kutwa, siku ambayo maduka karibu yote yamefungwa na hata mashine ya kukatia majani haiwashwi. Taarabu yako iishie ndani ya vyumba vyako. Taka zitenganishe: karatasi mbali, mabaki ya jikoni mbali, makopo na plastiki katika mifuko ya manjano. Chupa ya plastiki ya maji au soda usiitupe, kwa kuwa umeiwekea amana ya senti 25 unayorejeshewa dukani. Na salimia. Katika chumba cha kungojea daktari, kila anayeingia huwasalimu waliokaa, na wao huitikia kwa pamoja. Kwetu sisi tuliolelewa kwa hodi na shikamoo, hilo ndilo jambo rahisi kuliko yote, na ndilo lililonifungulia kijiji kabla sijaweza kuunga sentensi moja ya Kijerumani. Majirani niliowapata kwa njia hiyo wamebaki.

Kwa lugha, kota ni skuli nzuri ya Kiingereza na kisingizio kizuri cha kutojifunza Kijerumani. Mtu aweza kumaliza miezi 36 akijua maneno kumi. Nyumba ya kupanga inakulazimisha, na miezi ya mwanzo inachosha kweli kweli. Anayesubiri nyumbani anao muda wa kujitayarisha, na Goethe-Institut ya Dar es Salaam hufundisha Kijerumani tangu hatua ya mwanzo. Mimi miezi yangu saba niliimaliza katika maharusi na maziara, na nimeijutia.

Watoto

Skuli za Wizara ya Ulinzi ya Marekani ni haki ya watoto wa waliofuatana rasmi, wawe wa kota au wa nyumba za kupanga, na mabasi huwafuata katika vijiji vilivyo ndani ya eneo linalohudumiwa. Kabla ya kusaini mkataba, uliza kama kijiji hicho kimo. Aliyepanga ana ziada moja, nayo ni chekechea ya Kijerumani, ambako mtoto huokota lugha kwa kasi inayowatia wazazi aibu.

Chuo cha Kurani ni tatizo kwa wote wawili. Misikiti ya mjini husomesha watoto, lakini maelezo ni ya Kituruki. Wengi wetu tumekimbilia simu: ustadhi yuko Unguja, mtoto yuko mezani, na tofauti ya saa ni mbili wakati wa baridi na moja wakati wa kiangazi, hivyo darasa la alasiri linawezekana bila kumkesha mwalimu. Mtoto anayebaki na bibi yake Chake Chake hukua na chuo, skuli, binamu na Kiswahili kisicho na kasoro, na humjua baba yake kupitia kioo cha simu. Hilo kila familia ilipime yenyewe. Sioni mizani ya kuniwezesha kulipima kwa niaba ya mtu.

Siku mwenza hayupo

Mwanajeshi aliyepangiwa Ujerumani hakai Ujerumani. Huitwa mazoezini kwa wiki, hupelekwa nchi nyingine kwa miezi, na mara nyingi taarifa ni fupi. Nyumba uliyoichagua kwa utulivu mnapokuwa wawili utaiishi ukiwa peke yako.

Kota siku hizo ni ngome. Kikosi humteua mtu wa kuwasiliana na wake na waume waliobaki, kila mlango una aliye katika hali kama yako, na usiyejua kuendesha gari unafika kliniki, dukani na ofisini kwa miguu. Lakini kikosi kikiondoka chote, ngazi nzima hubaki na wanawake waliochoka, na fununu moja ya habari mbaya huzunguka majumba kabla ya magharibi.

Kijijini unaweza kukaa siku nne bila kusemezana na mtu. Theluji ikianguka, mikataba mingi huwabebesha wapangaji jukumu la kuikwangua njia iliyo mbele ya nyumba asubuhi na mapema. Mabasi ya Jumapili ni ya kuhesabu. Leseni ni lazima, nayo ina mtihani wa alama za barabarani, gari hupita kulia na si kushoto kama kwetu, na tangu mwaka 2017 sheria ya Ujerumani inamkataza dereva kuufunika uso. Mwanangu alipopata homa usiku, nilimgongea jirani wa chini, mama mwenye miaka sabini na kitu ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tunasalimiana tu. Alivaa koti juu ya nguo za kulalia, akatupeleka hospitali, akakaa nasi mpaka alfajiri akinitafsiria kwa mikono. Hospitali za Kijerumani zilizozoea familia za kambi huwa na wakalimani, na hospitali ya jeshi iko Landstuhl. Mwanamke anayetaka daktari wa kike aseme mapema anapoweka miadi, huko na huko.

Aliyebaki Zanzibar ana mama, wifi na mtaa mzima, na hakuna kambi inayoweza kumpa hilo. Anachokosa ni nafasi ya kulijua jeshi lenyewe: bima, ofisi, majina ya watu wa kuwapigia. Siku atakapohama, mwenza wake atakuwa mzoefu na yeye atakuwa mgeni wa nyumbani mwake.

Nani aelekee wapi

Ukiwa hujui kuendesha gari, Kiingereza chako bado cha skuli, una mtoto mchanga au mimba, na mwenza wako ni wa kikosi kinachosafiri sana, omba kota, angalau kwa mwaka wa mwanzo. Ujue tu kuwa kuhama kwa hiari katikati ya zamu kwa kawaida ni kwa gharama zako, basi weka akiba kama una nia ya kutoka baadaye.

Ukiwa na leseni, unakielewa Kiingereza vya kutosha kusoma mkataba, mna mtoto wa umri wa chekechea, au umedhamiria kuondoka Ujerumani na lugha mkononi, panga. Na upange mjini ukiwa mtu wa watu na msikiti, kijijini ukipenda ukimya na una moyo wa kungoja miezi kabla hujaitwa kwa jina.

Ukiwa na masomo ya chuo kikuu, SUZA, yaliyobakia mwaka mmoja, mzazi mgonjwa, au biashara isiyo na wa kuisimamia, kubaki kwanza ni uamuzi wa heshima, mradi tarehe ya kuungana iandikwe na kibali kiombwe mapema, maana kusubiri kusiko na tarehe huzaa kusubiri kwingine. Anayetarajia ajira kambini aangalie kwanza uraia, kwa kuwa kazi nyingi za serikali humo huwataka raia wa Marekani, na kabla ya kuchukua kibarua kwa Mjerumani apite ofisi ya sheria ya kambi kwa ajili ya masuala ya kodi.

Katika ofisi hiyo hiyo, njia yoyote mtakayoifuata, mwenza wako akuandikie hati ya uwakilishi kabla hajaondoka. Hawatozi kitu. Bila karatasi hiyo huwezi kusaini mkataba wa nyumba, kupokea mizigo wala kubadilisha chochote kilicho kwa jina lake, na afisa aliye mbele yako, hata awe na huruma kiasi gani, atakurudisha.